Ujumbe uliokwama Mbita: mtandao usio na mwenyewe hufanyaje kazi?

Jioni moja nilikuwa nimeketi chini ya mti kwenye bichi moja ya kisiwa cha Rusinga, mashua za omena zikijiandaa kuingia ziwani. (Omena, kwetu sisi watu wa mwambao, ni dagaa tu. Lakini usimwambie hivyo Mjaluo, atakueleza tofauti mpaka usiku uingie.) Karani wa kamati ya bichi, hii wanayoiita BMU, alikuwa ameinua simu juu ya kichwa chake akizunguka nayo kutafuta mtandao. Alikuwa ametuma onyo la upepo kwenye kikundi cha WhatsApp cha wavuvi. Tiki moja. Dakika kumi zikapita, bado tiki moja.

Vijana wakamuuliza, "Jaduong', umefika?"

Akawajibu, "Umetoka kwangu. Kama umefika, sijui."

Baadaye, tukinywa chai, akanieleza jambo la pili lililokuwa likimkera zaidi. Kikundi hichohicho kilikuwa na watu mia kadhaa, wengine hata yeye hawajui. Mvuvi mmoja aliwahi kuandika mahali alipotega nyavu zake ili nduguye akamsaidie kuzitoa alfajiri. Nduguye alipofika, nyavu hazipo. Nani alisoma ujumbe ule? Watu mia kadhaa. Nani aliyeziiba? Mpaka leo haijulikani.

Ndugu msomaji, mambo mawili hayo ndiyo mzizi wa kila mtandao wa mawasiliano: ujumbe ufike, na usifike kwa asiyehusika. Tumezoea kumwachia tajiri mmoja wa ng'ambo atufanyie yote mawili, nasi hatuulizi anafanyaje. Lakini kuna mitandao ya kijamii ambayo haina tajiri mmoja, na kwa sababu hiyo wenye kuiendesha hulazimika kuyajua mambo haya kwa undani. Nitajaribu kuyaeleza kwa Kiswahili chetu, maana vijana wengi wa Pwani wameniuliza kama tunaweza kuwa na mtandao wetu wenyewe. Jibu ni kwamba inawezekana, ila kazi yake si ndogo.

Tuanze na tarehe 4 Oktoba 2021. Siku hiyo WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa muda wa karibu saa sita. Hapakuwa na mdukuzi. Wahandisi wa kampuni yenyewe walikosea wakati wa matengenezo, na njia za kufikia mitambo yao zikafutika kwenye intaneti. Mama lishe wa Kibokoni, mwenye lori wa Migori, na karani wangu wa Rusinga, wote walinyamazishwa pamoja na kosa moja lililofanyika mbali nao. Tena hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na nambari ya kupiga kuuliza.

Sasa fikiria barua pepe. Barua pepe haina mwenyewe. Chuo kina seva yake, kampuni ina yake, Gmail wana yao, na zote zinapelekeana barua kwa kanuni moja ambayo chimbuko lake ni mwaka 1982. Seva moja ikifa, zingine zinaendelea. Mitandao ya kijamii isiyo na kitovu imejengwa kwa fikra hiyohiyo. Mastodon, iliyoanzishwa na kijana wa Ujerumani, Eugen Rochko, mwaka 2016, ni programu unayoweza kuiweka kwenye kompyuta yako na kuwafungulia akaunti watu wa mtaa wako. Seva yako itazungumza na seva za wengine kwa lugha iitwayo ActivityPub, ambayo shirika la viwango vya wavuti, W3C, liliipitisha rasmi Januari 2018. Kabla yake kulikuwa na Friendica, ya mwaka 2010, kazi ya Mike Macgirvin, ambaye baadaye alitengeneza Hubzilla. Nitarudi kwa Hubzilla, kwa sababu huyo bwana alilishughulikia suala la ruhusa kuliko wengi.

Wengine watasema haya ni mambo ya Wazungu. Hapana. Kabla intaneti haijafika Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Nairobi tayari kulikuwa na mtandao wa aina hii. Uliitwa FidoNet, na mwanzilishi wake ni Tom Jennings wa Marekani, mwaka 1984. Shirika la mazingira lililokuwa na makao yake Nairobi, Environment Liaison Centre International, liliendesha kituo kimojawapo. Watu waliandika barua zao kwenye kompyuta, barua zikakaa zikingoja, kisha GreenNet wa London wakapiga simu na kubadilishana mafurushi: za kwenda ziende, za kuja zije. Simu ikikatika katikati, wanapiga tena. Madaktari nao walikuwa na HealthNet ya shirika la SatelLife, iliyotumia setelaiti ndogo. Moja yake, HealthSat-2, ilirushwa mwaka 1993. Setelaiti ile haikuwa imesimama angani kama hizi za televisheni. Ilipita juu mara chache kwa siku, ikachukua barua za hapa, ikazishusha kwingine. Daktari alituma swali asubuhi akijua jibu halitarudi mpaka setelaiti ipite tena.

Msingi wake ni uleule wa nahodha wa jahazi. Unampa barua akiwa Lamu. Akifika Unguja na mwenye barua hayupo, hairushi baharini. Anaiweka, anauliza tena safari ijayo. Kwa lugha ya kompyuta hii ndiyo "hifadhi kisha peleka", na ndiyo roho ya mtandao usio na kitovu.

Rusinga kwenyewe mtindo huu umewahi kutumika kwa kazi kubwa. Kati ya 2012 na 2015 kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, chenye kampasi pale Mbita, pamoja na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi na taasisi ya Swiss TPH, waliendesha mradi wa SolarMal. Nyumba za kisiwa kizima, zaidi ya 4,000, ziliwekewa mitego ya mbu inayotumia umeme wa jua, na umeme huohuo ukawasha taa na kuchaji simu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: mahali palipowekwa mitego, maambukizi ya malaria yalikuwa chini kwa asilimia 29.8. Watu huusifu mradi kwa mitego, na wana haki. Lakini mimi kilichonivutia ni tableti. Wahudumu walikwenda nyumba kwa nyumba wakiandika nani kazaliwa, nani kahama, nani ana homa. Taarifa zilikaa kwanza ndani ya tableti, kisha zikahamishiwa kwenye seva. Kwa kazi kama hii huhitaji mnara wa simu mlangoni kwa kila mtu. Unahitaji programu inayojua kungoja.

Basi seva ya mtandao wa kijamii hungoja vipi?

Tuseme bichi ya karani wetu ina seva yake, na wachuuzi wa samaki wa Homa Bay wana yao, na wavuvi wa Muhuru Bay kule Migori wana yao. Karani akiandika, "Leo usiku upepo, msiende mbali," seva yake huangalia orodha ya wanaomfuata. Ikikuta watu 80 wako kwenye seva ya Muhuru Bay, haitumi nakala 80. Hutuma moja kwenye kisanduku cha pamoja cha seva ile, na seva ile ndiyo inayowagawia watu wake. Hilo huokoa bando. Lishike vizuri hilo, tutalihitaji tukifika kwenye ruhusa.

Ikiwa seva ya Muhuru Bay haipatikani, ujumbe huingia kwenye foleni. Programu hujaribu tena baada ya sekunde chache, ikishindwa inangoja dakika, kisha saa, na kila mara inaongeza muda wa kungoja. Ina sababu nzuri. Kama seva elfu moja zingekuwa zinaigongea kila sekunde seva iliyozimika, siku ikiwaka ingeangushwa tena na mafuriko ya barua. Kwa mpangilio wa kawaida Mastodon hujaribu mara 16, na ukiujumlisha muda wote unapata kama siku mbili. Baada ya hapo ujumbe ule unaachwa. Na seva ambayo imeshindikana kwa siku saba huhesabiwa kuwa haipo, na barua zake hazitumwi tena mpaka yenyewe itoe sauti.

Hapa ndipo wengi huumia. Seva ikikaa wiki mbili bila umeme kisha ikarudi, hailetewi yote iliyoyakosa. Yaliyopita yamepita. Kwa picha za harusi si neno. Kwa orodha ya walioandikishwa kupokea chakula cha msaada, ni balaa. Kwa hiyo anayejenga mtandao wa jamii lazima atenganishe mapema mambo yanayoweza kupotea na yasiyoweza, na haya ya pili yawekwe mahali ambapo mtu anakwenda kuyachukua, asiyasubiri kuletewa.

Kuna na kinyume chake: ujumbe unaofika umechelewa. Ziwa Victoria si mchezo. Makadirio yanayotajwa sana husema watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa humo kila mwaka, na dhoruba za usiku ni sababu kubwa. Kuanzia mwaka 2017 Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, lilisimamia mradi wa HIGHWAY pamoja na idara za hali ya hewa za nchi zetu, ili wavuvi wapate utabiri wa ziwa lenyewe badala ya ule wa jumla. Kazi njema. Lakini onyo la "leo usiku" likikwama kwenye foleni likafika kesho saa nne asubuhi, mvuvi ataelewa ni usiku upi? Ataacha kuvua usiku wenye shwari, na wiki ijayo hataliamini onyo la kweli. Ujumbe wa namna hii lazima ubebe ndani yake saa ulioandikwa na saa ya kwisha, na programu iwe na akili ya kuutupa muda ukipita. Karani aliyeandika tarehe na saa kwa mkono ndani ya ujumbe wake ameshatatua nusu ya tatizo bila mhandisi.

Jambo jingine dogo: nakala mbili. Seva hutuma, mpokeaji hupokea, lakini risiti hupotea njiani. Mtumaji akidhani haujafika, hutuma tena. Kwa hiyo kila ujumbe hupewa nambari yake ya pekee, na mpokeaji akiiona mara ya pili huipuuza. Bila hilo mvuvi mmoja aliyeomba msaada angeonekana watatu.

Sasa ruhusa, na hapa nitakaa kidogo.

Jirani na Rusinga kuna kisiwa cha Mfangano. Huko shirika la Organic Health Response lilijenga kituo cha Ekialo Kiona, jina la Kisuba lenye maana ya dunia nzima, ambacho pia kina redio inayotangaza kwa lugha hiyo. Walianza na utaratibu wa ajabu: utumie kompyuta na intaneti bure, mradi upime virusi vya Ukimwi kila miezi sita. Majibu yako ni yako, hakuna anayekuuliza. Mlango ulifunguliwa na kule kupima, majibu hayakuhusika. Sijui kama kuna mhandisi aliyewahi kuieleza ruhusa kwa uwazi kuliko hivyo.

Kisha wakaja na vikundi walivyoviita mikrokliniki. Mgonjwa huchagua watu wake wachache, wa nyumbani au marafiki, wakajifunza pamoja, na kwa hiari yao wakaambiana hali zao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa kasi ya kupotea kliniki kwa siku 90 au zaidi ilikuwa kama nusu kwa walio kwenye vikundi hivyo, ukilinganisha na wengine. Waliambiana siri nzito kabisa, na ikawafaa. Lakini iliwafaa kwa sababu kila mmoja alijua nani yuko chumbani. Chukua habari ileile, ile neno kwa neno, ukaiweke kwenye kikundi cha watu mia tano. Umemwua mtu.

Programu ya kijamii inapokuuliza "nani aone?" inajaribu kukujengea chumba hicho. Swali ni ukuta wake umejengwa kwa nini.

Ukuta wa kwanza ni sahihi. Kila akaunti ina funguo mbili: mmoja wa siri unaokaa kwenye seva yake, mwingine wa hadharani. Ujumbe ukitoka hutiwa sahihi kwa ule wa siri, na anayepokea huuhakiki kwa ule wa hadharani. Ni kama barua yenye mhuri wa kadhi, ambapo kila mtu anaweza kuutambua mhuri, ila mwenye kuupiga ni mmoja. Hivyo hakuna seva ya wezi itakayojifanya ni karani wa Rusinga ikawaambia wavuvi ziwa ni shwari. Hili hufanya kazi vizuri.

Ukuta wa pili ni dhaifu zaidi, na watu hawaambiwi. Ukiandika ujumbe wa "wafuasi wangu tu", seva yako inaupeleka kwa seva za wafuasi hao. Ukishafika kule, wewe huna tena mkono juu yake. Seva ile ndiyo inayoaminiwa kumwonyesha anayestahili na kumnyima asiyestahili. Kumbuka kisanduku cha pamoja: nakala ilikuwa moja, na mgawaji ni mwingine. Mgawaji akikosea, siri imetoka. Machi 2025 hilo lilitokea kweli. Pixelfed, programu ya picha inayotumia ActivityPub, ilikutwa na kasoro: mtu wa seva ya Pixelfed aliweza kujihesabu mfuasi wa akaunti iliyofungwa bila mwenye akaunti kumkubali, na kama kwenye seva ileile palikuwa na mfuasi halali, basi huyu mdoezi aliona machapisho ya faragha. Wenye akaunti hawakukosea lolote. Seva zao wenyewe hazikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwa jirani. Ilitengenezwa kwa toleo jipya, lakini kila mwenye seva alipaswa kulipakua toleo hilo mwenyewe, na kama unavyojua, kuna wenye seva waliokwenda likizo.

Ukuta wa tatu watu hudhani upo na haupo. Ujumbe wa faragha wa Mastodon haujafungwa kwa ufunguo kutoka simu hadi simu kama wa WhatsApp au Signal. Msimamizi wa seva, akitaka, anaweza kuusoma. Kwa hiyo ukihama kutoka kwa tajiri wa ng'ambo kwenda kwa kijana wa mtaani mwenye seva chumbani kwake, umebadilisha wa kumwamini, hujaondoa haja ya kuamini. Wakati mwingine mgeni wa mbali asiyekujua ni afadhali kuliko jirani anayejua jina la mama yako. Nalisema hili kwa sababu najua Pwani yetu, na Rusinga hawana tofauti nasi.

Macgirvin na wenzake wa Hubzilla waliingia kwa mlango mwingine. Kwao ruhusa huhukumiwa pale kitu kilipo. Picha au faili lako linabaki kwenye seva yako, na anayetaka kuliona lazima seva yake ithibitishe yeye ni nani kabla mlango haujafunguliwa. Ukimwondoa mtu leo, kesho akija kugonga hafunguliwi. Bila shaka alichokwisha kukinakili amekinakili, hakuna programu inayofuta kumbukumbu ya mtu wala picha aliyoipiga skrini. Lakini karani angeweza kuweka ramani ya nyavu mahali ambapo kila mvuvi anaona zake na za aliowakubali, na kijana aliyehamia kwa wanunuzi wa magendo akaondolewa siku hiyohiyo.

Jambo la kufuta nalo linafanana. Ukifuta chapisho, seva yako hutuma ombi kwa wote waliolipokea: futeni. Ombi. Seva iliyozimika wakati ule huenda isilipate kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, ya 2019, inampa mtu haki ya kuondoa ridhaa yake, na inaihesabu hali ya afya kuwa taarifa nyeti. Lakini sheria haitafuti nakala iliyolala kwenye diski ya kompyuta iliyokufa betri huko Takawiri. Ndiyo maana mimi husema, na wengine hawapendi, kwamba kinga ya kwanza ya siri ni kutoiandika.

Nije kwenye matunzo, maana hapa ndipo miradi mingi ya hisani hufia. Watu huja, hufunga paneli, hupiga picha, huenda zao. Miezi sita baadaye hakuna ujumbe unaofika na hakuna anayejua kwa nini. Mara nyingi sababu ni ndogo ya kuudhi.

Saa ni mojawapo. Kompyuta ndogo za bei nafuu kama Raspberry Pi, zile za matoleo ya zamani, hazina betri ya saa. Umeme wa jua ukikatika usiku, zikiwaka zinadhani muda umesimama, na kama intaneti haipo haziwezi kuuliza. Kwa kuwa sahihi hubeba tarehe, saa ikipotea sana seva zingine huikataa barua kama mtu anavyokataa hundi ya mwaka juzi. Karani anaona ujumbe umetoka. Wenzake hawaoni kitu. Dawa yake ni kifaa cha saa chenye betri, cha bei ya kilo chache za omena.

Cheti cha usalama ni cha pili. Vile vya bure vya Let's Encrypt vimezoeleka kudumu siku 90, na hujihuisha vyenyewe kama mtandao upo siku ya kuhuisha. Kama haupo, milango yote inafungwa. Halafu diski hujaa picha za seva zingine ambazo hakuna aliyezitaka. Halafu jina la tovuti halikulipiwa, na jina likipotea, kila akaunti iliyo chini yake imepotea nalo.

Lakini lililo gumu kuliko yote kwa mahali kama Rusinga ni anwani. Ukitumia laini ya simu, na hata Starlink iliyoingia Kenya Julai 2023, kwa kawaida hupewi anwani yako ya hadharani. Mko wengi nyuma ya anwani moja, kama wapangaji wa jumba lenye sanduku moja la posta. Unaweza kutuma, lakini mgeni hawezi kukufikia. Seva ya kisiwani kwa hiyo inahitaji mlinzi wa mlango mahali penye anwani, tuseme Nairobi, apokee barua na kuziweka mpaka ya kisiwani ije kuzichukua. Tumerudi kwa London na FidoNet, miaka thelathini na kitu baadaye!

Upande wa sheria njia imefunguka kidogo. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa mwongozo wa kuzipa leseni mitandao ya jamii, yaani watu wa eneo moja kujijengea mawasiliano yao. TunapandaNET ya Kibera ni mfano wa Kenya unaojulikana. Na ndani ya kisiwa, mnara wa simu ukizimika, watu waliounganishwa kwa redio za Wi-Fi na seva ya hapohapo wangeendelea kuandikiana wao kwa wao, barua za nje zikingoja kwenye foleni. Hilo WhatsApp hailiwezi. Wawili walioketi benchi moja ufuoni hupelekewa ujumbe kupitia ng'ambo.

Mimi ningeanza kidogo. Seva moja, bichi tatu au nne, maonyo ya hali ya hewa na bei za samaki tu, mambo ambayo hata akiyasoma mwizi hayamfai kitu. Siri za nyavu na za afya zikae mbali mpaka watu wajue kuendesha chombo bila kukipasua. Na wasimamizi wawe wawili, wa koo tofauti ikibidi, ili mmoja asiwe na funguo zote.

Nilimweleza karani haya yote, nusu kwa maneno, nusu kwa kuchora mchangani. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea kwa mvuvi, nami najiona mjinga kwa kutolitegemea. "Na siku mimi nikizama, ndugu yangu wa Mombasa, hizo funguo zinabaki na nani?"

Kwa Mastodon, nilimwambia, akaunti imefungwa kwenye seva yake. Unaweza kuwahamisha wafuasi, lakini ulichoandika hubaki nyuma. Hubzilla ina utaratibu wa kuhamahama, ambapo akaunti moja huwa na pacha kwenye seva nyingine, pamoja na watu wake na ruhusa zake, na seva moja ikizama pacha anaendelea. Ila hilo ni la seva. La mtu halina programu. Akanyamaza, akavuta lile daftari la hesabu wanaloandikia uzito wa samaki, akapekua mpaka ukurasa wa nyuma. Humo tayari mlikuwa na nywila ya simu ya kamati, nambari ya siri ya M-Pesa ya kikundi, na jina la mweka hazina wa zamani limepigwa mstari.

Nikamwambia huo ukurasa auchane kwanza, ndipo tuzungumze habari za seva. Simu yake ikalia. Tiki ya pili ilikuwa imetokea, saa mbili na robo baada ya mashua kuondoka.